Kompyuta ya mezani ya zamani imegoma kuwaka: jinsi ya kujua ilipokwama

Kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka huwa imekwama sehemu moja kati ya nne. Umeme haufiki kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Au umeme unafika, lakini mazabodi haimalizi kujikagua. Au imejikagua ikamaliza, ila diski haiioni. Au diski inaonekana, na kilichoharibika ni Windows yenyewe. Ukishajua ni sehemu ipi, matengenezo mengi ni ya bisibisi na raba. Usipojua, leo utanunua pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani), kesho RAM (kumbukumbu ya muda), keshokutwa diski, na mashine bado imelala.

Tunalisisitiza hili kwa sababu jibu la haraka mtaani ni "tuipige Windows upya". Kupiga Windows kunagusa sehemu ya nne tu. Mashine isiyofika hata kwenye logo haina habari kama ndani ya diski kuna Windows au hakuna. Fundi akiitoa diski hiyo na kuifomati kwenye mashine nyingine, amefuta hesabu za duka na matokeo ya wanafunzi kwa kosa ambalo pengine lilikuwa la RAM chafu. Na kwa aliye Mpwapwa, Kondoa au Kongwa, ni vizuri kujua kifaa kinachotakiwa kabla ya kulipa nauli ya kuja Dodoma mjini kukitafuta.

Maelezo haya ni ya mashine za maofisini, mashuleni na kwenye steshenari: Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre za kati ya 2008 na 2015, nyingi zikiwa mitumba, pamoja na zile za kuunganishwa zenye kasha la kawaida. Tukisema kasha tunamaanisha lile boksi ambalo wengi huliita CPU. CPU yenyewe, ile chipu, tutaiita prosesa.

Vya kuwa navyo mezani

Bisibisi ya nyota namba 2, mita ya dijitali hata ya bei ndogo, brashi laini ya rangi ya inchi 1, raba nyeupe ya penseli, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, betri mpya ya CR2032, pesti ya prosesa (ya kupitisha joto), kebo moja ya SATA (inayounganisha diski na mazabodi) na flashi ya GB 8 au zaidi. Ukiweza kuazima RAM nzima ya aina ileile, kazi inakuwa nusu. Spiriti ya duka la dawa hutumika pale isopropili inapokosekana, ila ina maji ndani yake, kwa hiyo subiri ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme.

Vumbi la kiangazi cha Dodoma ni laini mno. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo ukivuma, linapita kwenye wavu wa dirisha na kuganda ndani ya kasha kama blanketi. Litoe kwa brashi na blowa, nje ya nyumba, huku umezuia kila feni kwa kidole. Feni ikizungushwa kwa nguvu na upepo hufua umeme wake yenyewe na kuurudisha kwenye mazabodi, tena beringi zake zinakufa. Usipeleke kompyuta kwenye kompresa ya gereji ya matairi. Hewa ile inatoka na matone ya maji na mafuta, na vumbi likichanganyika na mafuta halitoki tena.

Kiangazi hichohicho huleta umeme tuli. Hewa kavu, sweta la asubuhi ya Julai na zulia la nailoni vinatosha kuua RAM bila wewe kuona cheche. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia na uishikilie sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kushika kifaa chochote, na rudia kugusa kila baada ya muda. Sweta livue.

Haina dalili yoyote ya umeme

Umebonyeza swichi: hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Anzia ukutani. Usitumie chaja ya simu kama ushahidi, kwa sababu chaja nyingi zinafanya kazi hata umeme ukishuka hadi volti 100. Weka mita kwenye AC, masafa ya 600 au 750, upime soketi. Umeme wetu ni volti 230, na ukisoma kati ya 220 na 240 uko sawa. Ukisoma 180 jioni wakati nyumba zote zinapika, huenda mashine ni nzima kabisa: pawa saplai iliyoandikwa 200–240 ina haki ya kugoma hapo. Ile iliyoandikwa 100–240 haijali.

Ruka ekstensheni na UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), chomeka ukutani moja kwa moja. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake. Itoe uipime kwa mita kwenye mlio wa mwendelezo, na ikiwa imekatika weka yenye namba ileile. Karatasi ya sigara na waya wa shaba si fyuzi. Badilisha pia waya wa umeme wenyewe, kwa kuwa ule wa monita huingia kwenye kompyuta.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Lazima iwe 230. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani ikiwa 115, ukiichomeka hapa inalipuka papo hapo kwa mlio na harufu. Iangalie kabla ya kuchomeka, hasa mashine uliyonunua jana. Pembeni yake kunaweza kuwa na swichi ya I na O, na watoto huipenda sana hiyo.

Kama umeme ulikatika kwa kishindo kabla ya mashine kugoma, huenda ulinzi wa pawa saplai umejifunga. Chomoa, shikilia swichi sekunde 30, iache dakika 10, jaribu tena. Mashine kadhaa hupona hapo bila kufunguliwa.

Zisipopona, fungua kasha. Ile plagi pana ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi ndiyo ya kupima. Iache ikiwa imechomekwa, rudisha umeme, weka mita kwenye DC volti 20, waya mweusi wa mita kwenye chuma cha kasha, na uingize ncha nyekundu nyuma ya plagi kando ya waya unaoupima. Waya wa zambarau lazima uonyeshe volti 5 hata kabla ya kubonyeza chochote. Ukisoma sifuri, pawa saplai imekufa au kuna shoti inayoizuia. Waya wa kijani husoma volti kadhaa mashine ikiwa imezimwa, na unapobonyeza swichi lazima ushuke karibu na sifuri. Usiposhuka, tatizo ni swichi ya mbele au waya zake. Zitoe kwenye mazabodi, kisha gusanisha kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja, pini mbili zilizoandikwa PWR au PWR_SW. Ikiwaka, umepata mgonjwa wako, na swichi hiyo ni kifaa cha bei ndogo.

Mashine ikiwaka, pima nyingine: njano ni volti 12 na inaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu ni 5, kati ya 4.75 na 5.25, ya machungwa ni 3.3, kati ya 3.14 na 3.46. Waya wa kijivu hupanda hadi karibu 5 pale pawa saplai inapotangaza kwamba iko tayari. Kijivu kikibaki chini, mazabodi haitaanza kazi hata feni zikizunguka.

Unaweza kuijaribu pawa saplai ikiwa peke yake: itoe kwenye mazabodi, iunganishe na diski ya zamani au sidiromu ili iwe na mzigo, kisha unganisha kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Feni yake ikizunguka, pima volti. Kuzunguka peke yake hakuthibitishi kitu. Jaribio hili ni la plagi ya pini 24. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8, na HP ProDesk 600 G1 ina ya pini 6, mpangilio tofauti kabisa, kwa hiyo usibahatishe rangi huko. Baadhi ya OptiPlex zina kitufe kidogo nyuma kwenye pawa saplai chenye taa ya kijani pembeni. Kibonyeze waya ukiwa ukutani: taa ikiwaka, pawa saplai iko hai. Isipowaka, chomoa plagi zote zinazoingia ndani ya mashine ubonyeze tena. Ikiwaka sasa, kuna kitu ndani kinapiga shoti.

Kutafuta shoti, angalia kwanza matundu ya USB ya mbele. Flashi nyingi huchomekwa kwa nguvu kinyume, ulimi wa plastiki unavunjika, pini zinagusana, na mashine nzima inakataa kuwaka. Chomoa kebo ya USB ya mbele kwenye mazabodi ujaribu. Kisha tafuta skrubu iliyoanguka chini ya mazabodi. Mijusi na mende nao hupenda joto la mle ndani, na mjusi aliyekaukia juu ya pini ni shoti kamili.

Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa hubeba karibu volti 325, na huendelea kuzibeba baada ya kuchomoa waya. Ukienda kununua nyingine, beba ile ya zamani mkononi: makasha membamba ya OptiPlex na HP yana pawa saplai za umbo lake, na ya kawaida haiingii.

Feni zinazunguka, kioo ni cheusi

Hapa ndipo mashine nyingi za zamani hukwama, na ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Thibitisha monita kwanza. Iwashe, uchomoe kebo yake upande wa kompyuta. Ikiandika "No signal" au "Check signal cable", monita ni nzima. Halafu angalia kebo imechomekwa wapi. Mashine yenye kadi ya picha ya kuongeza huwa na matundu mawili ya monita, moja kwenye mazabodi na jingine kwenye kadi, na kadi ikiwepo lile la mazabodi mara nyingi hufa. Kagua pini 15 za VGA. Moja ikipinda, kioo hukosa rangi au hukosa picha kabisa.

Sasa ivue mashine. Chomoa umeme, kisha toa waya za diski zote, sidiromu, kadi za kuongeza, USB za mbele, kila kitu cha nyuma isipokuwa umeme, monita na kibodi. Bakisha mazabodi, prosesa na feni yake, RAM moja na pawa saplai. Hakikisha ile plagi ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, yenye waya za njano na nyeusi, imeshika. Hiyo ndiyo inayompa prosesa umeme, na ikilegea feni zote huzunguka vizuri huku hakuna kinachotokea. Washa. Ikileta picha, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa umeme kila mara, hadi kitakachoiua tena kijulikane.

Isipoleta picha, mshukiwa wa kwanza ni RAM. Meno yake ya dhahabu hupata utando wa vumbi na unyevu ambao macho hayauoni. Bonyeza vishikizo vya pembeni, itoe, ilaze kwenye karatasi safi, kisha usugue meno pande zote mbili kwa raba nyeupe, taratibu, kutoka ndani kwenda nje, mpaka yang'ae kwa usawa. Raba ya wino ni mchanga mtupu na inakwangua dhahabu, usiitumie. Pangusa mabaki kwa kitambaa chenye alkoholi. Kwenye sloti, yaani tundu inamokaa RAM, pitisha mswaki mpya laini wenye alkoholi kidogo, kisha puliza. Ukirudisha, linganisha pengo la RAM na kigingi cha sloti, sukuma ncha zote mbili hadi vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio wa "tak". RAM iliyoingia upande mmoja tu ni kosa la kawaida mno. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na zinafanana machoni, lakini pengo liko mahali tofauti. Ikikataa kuingia usiilazimishe.

Ijaribu RAM hiyo kwenye kila sloti, kisha RAM ya pili kwenye kila sloti. Mashine yenye sloti nne na RAM mbili ina majaribio manane, na yanachukua dakika ishirini. Usiyakatishe. Mara kadhaa RAM zote ni nzima na sloti moja ndiyo imekufa, na mashine hufanya kazi miaka mingine ikiwa na sloti tatu.

Kuna jaribio moja linalosema mengi: toa RAM zote uwashe. Mazabodi hai italalamika kwa milio au taa. Ikilalamika, prosesa na mazabodi vinafikiri, na tatizo liko kwenye RAM au picha. Ikikaa kimya, ama haina spika ama haifikiri kabisa. Mashine za kuunganishwa huhitaji spika ndogo kwenye pini nne zilizoandikwa SPEAKER. Inunue, ni ndogo kuliko kidole.

Milio ina lugha ya kila BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine. Mmoja mfupi kwa kawaida maana yake yote ni sawa. Kwenye BIOS ya Award, mrefu mmoja na mifupi miwili ni tatizo la picha, na mirefu inayojirudia ni RAM. HP Compaq za wakati huo huwaka taa nyekundu kwenye swichi pamoja na milio, halafu hutulia sekunde mbili na kurudia. Hesabu: mara 2 ni joto la prosesa, 3 ni prosesa haipo au haikukaa sawa, 4 ni umeme, 5 ni RAM, 6 ni picha. Dell hutumia taa ya machungwa na, kwenye baadhi ya OptiPlex, taa nne zenye namba 1 hadi 4. Andika zipi zinawaka, kisha tafuta kitabu cha modeli hiyo hasa kwenye tovuti ya Dell, kwa sababu maana zinabadilika modeli hadi modeli.

RAM ikishatoka kwenye lawama, nenda kwenye betri ya saa, ile duara bapa kama shilingi. Ipime: mpya husoma volti 3 na kidogo, na ikishuka chini ya 2.8 badilisha. Betri iliyokufa kwa kawaida huacha mashine iwake ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, lakini mazabodi nyingine hugoma kabisa. Chomoa umeme, toa betri, subiri dakika 10, weka mpya upande wa maandishi juu. Hii pia inafuta mipangilio mibovu ya BIOS. Kama mashine huwa inaingia BIOS mara mojamoja, kabla ya kutoa betri piga picha kwa simu ukurasa wa SATA. Utauhitaji, tutaeleza chini.

Angalia kapasita za mazabodi, yale makopo madogo yaliyosimama karibu na prosesa. Vichwa vyake lazima viwe bapa. Kilichovimba au chenye majimaji ya kahawia yaliyokauka kimekufa. Mashine za 2003 hadi 2005 zinajulikana sana kwa hili, OptiPlex GX270 na GX280 zikiwa mbele. Kulehemu nyingine kunawezekana: µF zilezile, volti zilezile au zaidi, za nyuzi 105 na za ESR (upinzani wa ndani) ndogo, na upande wa hasi usigeuzwe. Kwa maoni yetu, mashine ya umri huo haistahili gharama hiyo isipokuwa inaendesha kifaa au programu isiyokubali kompyuta mpya.

Inawaka halafu inajizima

Muda wa kuzima ndio jibu. Ikizima ndani ya sekunde moja hadi tatu, na kurudia, fikiria shoti, plagi ya prosesa, pawa saplai dhaifu, au swichi ya kuwashia iliyobonyea isirudi. Ikidumu nusu dakika hadi dakika kadhaa, na kila ukiiwasha mara moja tena inadumu muda mfupi zaidi, hilo ni joto.

Ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre, Delete kwa nyingi za kuunganishwa), uangalie joto la prosesa kama linaonyeshwa. Likipanda mfululizo hadi kupita nyuzi 85, fungua. Chini ya feni ya prosesa, katikati ya mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), utakuta zulia la vumbi. Lisukume kwa brashi kutoka ndani. Gusa hitisinki uone kama inacheza: zile za Intel zenye miguu minne ya plastiki hutoka mguu mmoja, na prosesa inaungua huku feni ikizunguka kwa furaha.

Pesti iliyokauka kama chokaa ibadilishe. Safisha nyuso zote mbili kwa alkoholi mpaka chuma king'ae, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati ya prosesa, kandamiza hitisinki moja kwa moja bila kuizungusha. Kwenye AMD za AM2 na AM3, usivute hitisinki juu kwa nguvu. Washa mashine dakika chache ipate moto, zima, chomoa, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia ndipo uinue; ukivuta ikiwa baridi, prosesa inang'oka na pini zake zinapinda. Kwa Intel pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, na hazitakiwi kuguswa kwa chochote, hata brashi.

Logo inatokea, haiendi mbele

Hapa soma maandishi yaliyo kwenye kioo, neno kwa neno, upige picha. "Disk boot failure, insert system disk and press enter", "No boot device found" au "PXE-E61: Media test failure, check cable" zote zinasema kitu kimoja: mashine haikuona diski ya kuanzia. Hiyo kebo inayotajwa na PXE ni ya mtandao. Mashine imekosa diski, ikajaribu mtandao. Chomoa flashi na modemu zote kwanza. Kisha ingia BIOS uone kama jina la diski limeorodheshwa. Lipo: rekebisha mpangilio wa kuanzia, diski iwe ya kwanza. Halipo: badilisha kebo ya SATA, badilisha tundu lake kwenye mazabodi, badilisha plagi ya umeme ya diski. Bado halipo, weka sikio karibu. Diski nzima hunguruma kwa ulaini. Inayogonga "tik, tik, tik" na kutulia inakufa, na kila dakika unayoiwasha inapunguza mafaili yatakayookolewa.

"CMOS checksum error" na kuulizwa tarehe kila asubuhi ni betri ya CR2032, basi. Lakini ndugu yake ni hatari zaidi: betri imekufa, BIOS imerudi mipangilio ya kiwandani, na mpangilio wa SATA, yaani namna mazabodi inavyoongea na diski, umehama kutoka AHCI kwenda IDE au RAID, au kinyume chake. Windows inaanza, inaonyesha kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B, inajizima na kurudia. Wengi hapo hupigiwa Windows. Rudi BIOS, tafuta SATA Mode au SATA Operation, badilisha kwenda chaguo jingine, hifadhi, washa. Kwenye mashine yenye diski moja, kubadilisha huku hakufuti kitu. Ikiwa si sahihi, itagoma tu na utajaribu jingine.

"NTLDR is missing" ni ya Windows XP, "BOOTMGR is missing" ni ya Vista na kuendelea. Kama hakuna flashi iliyosahauliwa na diski haigongi, njia ya kuanzia ndiyo imeharibika, mara nyingi kwa umeme kukatika au LUKU kuisha katikati ya kazi. Kwa Vista na kuendelea, washa kwa flashi ya Windows ya toleo lilelile, chagua Repair, fungua Command Prompt, andika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot, kisha bootrec /rebuildbcd, ukibonyeza Enter kila moja. Flashi hiyo itengeneze kwa programu ya Rufus ukichagua MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, kwa kuwa BIOS nyingi za zamani hazitambui ule mpya wa GPT. Amri ya chkdsk iache mpaka mafaili yatoke. Kwenye diski inayokufa, chkdsk huandika upya orodha ya mafaili na inaweza kumaliza yaliyosalia.

Mafaili kwanza

Tengeneza flashi ya Linux Mint Xfce, mfumo wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, washa nayo bila kuisakinisha, fungua diski, nakili unavyovihitaji kwenda diski ya nje. Anza na nyaraka za kazi, picha baadaye, filamu mwisho au kamwe. Njia nyingine ni kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nzima kwa adapta ya SATA kwenda USB. Diski za inchi 3.5 zinahitaji volti 12, kwa hiyo adapta isiyo na chaja yake haitaizungusha. Ile ya diski ndogo za laptopu haitoshi. Diski inayosoma lakini inakwama, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kutoka Linux, inayoruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, badala ya kuburuta mafaili mamoja mamoja.

Diski ikithibitika mbovu, weka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5. Inaingia kwenye SATA ileile, na ni tengenezo moja linaloifanya OptiPlex ya zamani iwake kwa sekunde badala ya dakika. Windows 10 ilimaliza msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizi kwa kawaida hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Kwa kazi ya barua, intaneti na uchapaji, Linux Mint kwenye RAM ya GB 4 inatosha.

Umeme unaoingia

Kati ya Desemba na Aprili radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na ule wa mtandao pia. Radi huingia kwa kebo ya mtandao na kuua mazabodi huku pawa saplai ikibaki nzima. UPS ya 650 VA inatosha mashine moja na monita yake. Nyingi hutumia betri ya volti 12, Ah 7, inayochoka baada ya miaka miwili au mitatu. UPS inayozima papo hapo umeme ukikatika inataka betri, na si lazima kuitupa. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa ghafla inapopasha moto.

Na kama umefika mwisho: zambarau ina volti 5, kijivu kinapanda, RAM nzima ya kuazima imejaribiwa kila sloti, betri ni mpya, mashine imevuliwa, na bado haitoi mlio hata bila RAM, mazabodi imekufa. Prosesa huharibika mara chache sana. Toa RAM, diski, prosesa, feni na pawa saplai, uandike kwenye mkanda wa karatasi modeli vilikotoka, kisha utafute kasha jingine la modeli ileile. Mashine ya jirani yenye modeli hiyo na pawa saplai iliyokufa inaungana na yako kuwa moja inayowaka.